Mionzi Kidogo, Makaratasi Mengi

Katika maduka ya pembejeo ya Container Village, pale Nakivubo katikati ya Kampala, gunia la kilo 50 la mbolea ya potashi huuzwa kwa yeyote mwenye fedha. Mnunuzi hulipa, gunia hufungwa nyuma ya bodaboda, na safari ya Luweero au Mukono huanza. Ndani ya gunia hilo mna potasiamu inayokaribia kilo 26. Katika kila gramu ya potasiamu, iwe ya mbolea, ya matoke au ya damu ya binadamu, atomu 31 hivi huvunjika kila sekunde, kwa sababu sehemu ndogo sana ya potasiamu yote duniani ni potasiamu-40, ambayo ina mionzi tangu kuumbwa kwake. Bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kwa sekunde, kwa hiyo gunia zima lina bekereli kama 800,000. Hakuna anayeombwa kibali cha kulibeba, na ni haki asiombwe, kwa kuwa mkulima anayelala chumba kimoja na gunia hilo msimu mzima hana cha kuogopa. Sasa tumchukue mtafiti wa udongo katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Kawanda au Kabanyolo anayetaka kuingiza nchini fosforasi-32 ili afuatilie jinsi mhindi unavyofyonza mbolea. Akivuka bekereli 100,000, kiwango cha msamaha cha kimataifa kwa fosforasi-32, ambacho ni kama sehemu moja ya nane ya zile za kwenye gunia, anaingia katika himaya ya leseni, ukaguzi, afisa wa usalama wa mionzi, daftari la matumizi na mpango wa taka.

Ulinganisho huu unahitaji kushikwa kwa uangalifu, maana umetumiwa vibaya na watu wengi wanaotaka kutuambia kuwa mionzi ni mchezo. Bekereli huhesabu tu mipasuko ya atomu, na madhara hutegemea mambo mengine: nguvu ya mionzi yenyewe, imekolea kiasi gani, iko umbali gani na ngozi, ikiingia mwilini inakwenda wapi na inakaa muda gani. Potasiamu ya mbolea imetawanyika katika kilo 50 za chumvi, na mwili hujipimia potasiamu wenyewe, ukiongeza unatoa. Fosforasi-32 huja katika tone la maji ndani ya kichupa kisichozidi ukubwa wa kidole, na tone likimwagika kwenye kidole bila glavu linaweza kuunguza ngozi. Kwa hiyo sheria haikukosea iliposema kichupa kitazamwe kwa jicho kali kuliko gunia. Hata viwango vya msamaha vina tarakimu mbili, moja ya jumla na nyingine ya kila gramu, na gunia liko chini ya zote mbili zilizowekwa kwa potasiamu-40. Swali la sura hii ni jicho hilo liwe kali kiasi gani, na likodolewe wapi hasa. Dai langu ni kwamba katika Uganda, na katika nchi jirani pia, ukali wa udhibiti umerundikwa mahali pa kuingilia na juu ya vitu dhaifu, ilhali vitu vikali vilivyosahauliwa baada ya kazi kwisha ni miongoni mwa vilivyoua watu kwa mionzi nje ya vita na nje ya mitambo ya umeme.

Tuanze na sheria yenyewe. Uganda ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 1967, mwaka uleule Taasisi ya Saratani ya Uganda ilipoanzishwa Mulago. Amri ya kwanza ya nishati ya atomiki ilitolewa mwaka 1972. Ilikaa hadi ilipokuja Sheria ya Nishati ya Atomiki ya mwaka 2008, iliyounda Baraza la Nishati ya Atomiki, na kanuni zake zikafuata mwaka 2012. Msingi wa sheria hii ni mwepesi kueleza: mtu yeyote asimiliki, asiingize, asisafirishe wala asitumie chanzo cha mionzi bila idhini ya Baraza. Ni msingi mzuri. Kabla yake mashine za eksirei zilienea katika zahanati na vyanzo vya viwandani vikaingia nchini bila chombo huru chenye meno ya kuvifuatilia. Lakini katazo la jumla lina tabia moja: humpa mdhibiti swali la kwanza la kuuliza, nalo ni kama kuna mionzi au hakuna. Maswali ya mionzi ni kiasi gani, ya aina gani, itadumu muda gani na itaishia wapi huja nyuma, na ofisi yenye watu wachache na mafaili mengi huchoka kabla ya kuyafikia.

Mtafiti hakutani na Baraza peke yake. Utafiti wenyewe husajiliwa katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Chuo kina kamati zake. Forodha chini ya Mamlaka ya Mapato itataka hati zake kabla mzigo haujatoka Entebbe. Mamlaka ya mazingira ina neno lake juu ya taka. Muuzaji wa ng'ambo hatumi chochote kabla hajaona nakala ya leseni, na shirika la ndege linaweza kukataa mzigo hata kama kila karatasi imekamilika, kwa kuwa nembo ile ya manjano yenye mapanga matatu humtia rubani au wakala wa mizigo wasiwasi. Tatizo hili la kukataliwa kwa mizigo ya mionzi si hadithi ya Afrika Mashariki pekee. Lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2006 iliundwa kamati ya kimataifa ya kulishughulikia. Kwa nchi isiyo na bahari linauma mara mbili, kwani mzigo usiopanda ndege utapita Mombasa na Malaba, yaani utahitaji ridhaa ya mdhibiti wa Kenya pia, ambaye tangu mwaka 2019 ana sheria mpya na mamlaka mpya.

Sasa tazama saa inavyokwenda wakati karatasi zinatembea. Fosforasi-32 hupoteza nusu ya nguvu zake kila siku 14.3. Kichupa cha kawaida cha wauzaji kina bekereli milioni 9 na robo. Kikikwama wiki sita njiani au ghalani, kinafika kikiwa na karibu sehemu moja ya nane ya kilichonunuliwa, na jaribio lililopangwa haliwezekani tena. Kikikaa miezi mitatu na siku chache, bila mtu kukigusa, kimeshuka chenyewe chini ya bekereli 100,000, yaani chini ya kiwango ambacho kimataifa hakihitaji leseni kabisa. Tuchukue pia hali mbaya kuliko zote. Mtu mzima akinywa kichupa hicho chote siku kilipojazwa, kipimo atakachopata mwilini, kinachohesabiwa kwa siveti, ni kama milisiveti 22, juu kidogo ya milisiveti 20 zinazoruhusiwa kwa mfanyakazi wa mionzi kwa mwaka. Jambo hilo halipaswi kutokea na likitokea ni ajali ya kuandikiwa ripoti. Lakini mtu huyo hataugua wiki hiyo wala mwezi huo, na hatari yake ya kupata saratani huko mbele itapanda kwa kiasi kidogo mno. Utaratibu wa kibali ambao unaweza kudumu kuliko hatari inayodhibitiwa umepoteza uwiano na kazi yake.

Huenda mtu akauliza hasara iko wapi, kama watafiti wachache wakikosa vichupa vyao. Nitajibu kwa mfano wa Sukulu. Karibu na Tororo, kwenye vilima vya Sukulu, Uganda ina mojawapo ya akiba kubwa za mwamba wa fosfeti katika Afrika Mashariki. Miaka ya 1960 palikuwa na kiwanda cha mbolea hapo, kikafa, na katika muongo uliopita kampuni ya Kichina ikaanza upya. Udongo mwekundu wa sehemu kubwa ya nchi una upungufu wa fosforasi, na hata fosforasi inayowekwa hushikwa na chuma na alumini ya udongo huo, mmea usiipate. Kwa hiyo swali la fedha na la chakula ni hili: ukisaga mwamba wa Sukulu na kuumwaga shambani, ni sehemu gani ya fosforasi ya mmea imetoka kwenye mwamba, na ni sehemu gani ilikuwamo udongoni tangu zamani? Ukipima mmea kwa kemia ya kawaida unaona jumla tu. Ukiweka alama ya fosforasi-32 au ndugu yake fosforasi-33 kwenye udongo, unaona mgawanyo, kwa sababu mionzi midogo inakuambia atomu ipi imetoka wapi. Ni mbinu ya miongo mingi, imeelezwa katika miongozo ya Shirika la Atomiki na FAO, na hakuna njia nyingine inayotoa jibu hilo kwa usahihi uleule. Nchi inayotaka kujua thamani ya vilima vyake ina sababu ya kutaka kazi hii ifanyike Kawanda, na wanafunzi wake waone kwa macho yao, badala ya sampuli kusafirishwa Ulaya.

Mfano wa pili ni kichupa cha unga wa manjano. Wanaotazama virusi kwa darubini ya elektroni hutumia chumvi ya urani, asetati ya uranili, kupaka rangi sampuli. Urani ni nzito, huzuia elektroni, na umbo la kirusi hujitokeza. Gramu 25 za unga huo zina urani gramu 14 hivi. Hata ukihesabu urani-238 peke yake, hiyo ni bekereli zaidi ya 170,000, wakati msamaha wa urani-238 ni bekereli 10,000. Zaidi ya hapo, urani yoyote, hata hafifu namna gani, ni nyenzo ya nyuklia mbele ya mikataba, na Uganda imefungwa na mkataba wa ukaguzi wa Shirika la Atomiki tangu mwaka 2006. Kichupa hiki kwa kweli ni hatari, ila hatari yake ya kwanza ni sumu. Mtu akiumeza unga huo, figo zake zitaumia kwa kemia ya urani kabla mionzi yake haijapata nafasi ya kufanya lolote. Kanuni za kabati la sumu, glavu na kutokupumua vumbi ndizo zinazomlinda mtaalamu wa maabara. Fomu za mionzi hazimwongezei ulinzi wowote, na mara nyingi humpotosha, kwa kumfanya ahangaike na kipima mionzi huku vumbi likibaki mezani.

Linganisha vichupa hivi na kifaa ambacho kila mhandisi wa barabara anakijua. Ni kipima mshindilio, kisanduku cha manjano chenye mpini, huwekwa juu ya lami au kifusi kilichoshindiliwa na kusoma msongamano na unyevu. Ndani yake mna sesiamu-137 kama bekereli milioni 300, na amerisi-241 iliyochanganywa na berili, yenye bekereli bilioni 1.48. Kiwango cha msamaha cha amerisi-241 ni bekereli 10,000. Kisanduku kimoja kina mara 148,000 ya hicho. Nusu-uhai wa amerisi, yaani muda wa kupoteza nusu ya nguvu zake, ni miaka 432. Barabara zikijengwa, kisanduku hiki hulala kwenye ghala la kambi, hubebwa nyuma ya pikapu, na mkandarasi akifilisika kinaweza kubaki nyuma pamoja na mabomba na matairi. Kina leseni, ndiyo, na wakaguzi hukitembelea. Lakini mbele ya katazo la jumla kinasimama mstari mmoja na kichupa cha fosforasi. Shirika la Atomiki huvipanga vyanzo vya mionzi katika madaraja matano, la kwanza likiwa la vile vinavyoweza kuua kwa dakika chache. Kisanduku cha barabara kiko daraja la nne. Vichupa vingi vya maabara viko mwishoni kabisa mwa daraja la tano au nje ya orodha.

Basi twende kwenye vifo, kwa sababu hapo ndipo hoja inaposimama au kuanguka. Mwaka 1987, Goiânia nchini Brazil, kliniki ya tiba ya saratani ilikuwa imehama na kuacha mashine yake ya sesiamu-137 katika jengo bovu. Waokota vyuma wakaivunja, wakauza sehemu kwa mwenye jaa la vyuma chakavu, na ule unga uliong'aa samawati gizani ukagawiwa jamaa na majirani kama kitu cha ajabu na kizuri. Watu 4 walikufa, 249 walikutwa na uchafuzi, na zaidi ya 112,000 walipimwa. Chanzo kile kilikuwa na bekereli trilioni 50.9, yaani zaidi ya mara milioni 5 ya kichupa chetu cha fosforasi. Mwaka 2000, Samut Prakan nchini Thailand, mashine za kobalti-60 zilizoisha kazi zilikuwa zimewekwa kwenye eneo la kuegesha magari lisilolindwa. Vyuma vikaibwa, vikavunjwa, watu 3 wakafa. Na mwaka 2010, kwenye soko la vyuma la Mayapuri mjini Delhi, mtu mmoja alikufa na wengine wakalazwa kwa sababu ya kobalti-60 iliyotoka katika mashine ya utafiti ya idara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Delhi. Mashine hiyo haikuwa imetumika tangu mwaka 1985. Chuo kiliipiga mnada kama chuma.

Kisa cha Delhi kinatuhusu kuliko vyote, kwa kuwa ni kisa cha watafiti. Mashine iliingia India kihalali na ilifanya kazi yake bila kumdhuru mtu. Kilichokosekana ni mtu wa kujua, miaka 25 baadaye, kwamba ndani ya kile chuma kizito kulikuwa na nini, baada ya maprofesa kustaafu, faili kupotea na karani wa mali kuandika orodha ya vitu visivyohitajika. Kibali cha kuingiza, hata kingekuwa kikali mara kumi, kisingemzuia karani huyo. Anayeijua Katwe ya Kampala anaelewa upesi. Pale mafundi hufungua kila kitu kwa nyundo, patasi na moto, kwa ustadi mkubwa, na chuma kisichofaa kutengenezwa huenda kwenye tanuri la chuma. Risasi nzito ya kukinga mionzi ina bei nzuri pale. Fundi wa Katwe hana kipima mionzi, na hakuna sheria ya kuingiza bidhaa itakayomlinda na chanzo kilichokwisha kuingia miaka 20 iliyopita.

Hospitali ya Mulago inatupa upande mwingine wa jambo hilohilo. Mashine ya kobalti-60 iliyotumika tangu mwaka 1995, pekee ya tiba ya mionzi nchini, iliharibika kabisa mwaka 2016. Mashine mpya ilikuwa imeshapangwa kununuliwa kwa msaada wa Shirika la Atomiki, ila jengo lenye kuta nene za zege la kuiwekea halikuwa tayari, na huduma ilirejea rasmi Januari 2018. Katikati ya hapo wagonjwa waliokuwa na uwezo walikwenda Nairobi au India, na wasio na uwezo wakasubiri. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema kuta zile zilikuwa urasimu: kobalti ya tiba bila zege ni kifo. Hapo ukali ulikuwa mahali pake, na kilichokosekana ni fedha na mpango wa mapema. Na mashine ya tiba ikifa, chanzo chake hakifi nayo. Kobalti-60 hupungua nusu kila miaka 5.3, kwa hiyo hata chanzo dhaifu mno kwa mgonjwa bado kinaweza kumuua mwokota vyuma. Kukitoa, kukifungasha na kukirudisha kilikotoka kunataka wataalamu, kontena maalumu na fedha, na bajeti za hospitali na vyuo vyetu mara chache huwa na kifungu cha kazi hiyo.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wanaosema hakuna kipimo cha mionzi kisicho na madhara, kwa hiyo kulegeza popote ni kukubali vifo fulani. Wadhibiti wa dunia nzima hufanya kazi kwa dhana hiyo kwamba hatari hupungua pamoja na kipimo bila kufika sifuri, nami sina ugomvi nayo. Lakini ni wadhibiti haohao waliochora mstari wa msamaha pale ambapo mtu anayehusika hatapata zaidi ya mikrosiveti 10 hivi kwa mwaka. Mionzi ya asili, kutoka ardhini, angani na ndani ya miili yetu, humpa binadamu wa kawaida milisiveti 2.4 kwa mwaka, yaani mara 240 ya hizo. Safari moja ya ndege kutoka Entebbe hadi London hupita mikrosiveti 10. Anayetaka tuogope chini ya mstari huo inabidi pia atuambie tusipande ndege wala tusijenge nyumba za mawe ya matale, na hakuna anayesema hivyo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na ndilo linalostahili kusikilizwa Kampala. Wanasema: ninyi mnasema kanuni zipangwe kwa madaraja, lakini madaraja yanahitaji mdhibiti mwenye ujuzi na asiyehongeka. Nchi zilizoendelea zinaweza kuacha maabara zijisimamie kwa sababu zina maelfu ya wakaguzi nyuma yao. Kwetu, ukifungua upenyo mdogo kwa vichupa, kesho mtu atapitisha kitu kikubwa kwa jina la kichupa. Katazo la jumla ni butu, lakini kila askari wa mpakani analielewa. Nakubali nusu ya kwanza ya hoja hii, kwamba ujuzi ni mchache. Hitimisho lake ndilo ninalolikataa, kwa sababu uchache huo ndio unaotulazimisha kuchagua. Mkaguzi aliyetumia asubuhi yake kupitia maombi ya seti ya kupimia homoni za ng'ombe, yenye iodini-125 isiyofika hata nusu ya bekereli milioni moja, wakati msamaha wake ni milioni moja kamili, hakwenda asubuhi hiyo kwenye ghala la mkandarasi. Saa zake hazirudi. Na kuhusu udanganyifu, njia ya kuufichua ni kipima mionzi kilicho hai mpakani na mtu anayejua kukisoma. Karatasi ya kibali, hata iwe na mihuri mingapi, haipimi kilichomo ndani ya boksi.

Pingamizi la tatu ni la usalama wa taifa. Kampala haijasahau Julai 11, 2010, mabomu ya Kyadondo na Kabalagala yalipoua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Hofu ya bomu la kutawanya mionzi katika mji uliopitia hayo si hofu ya kubezwa, wala sitathubutu kuibeza. Lakini tuifuate hofu hiyo mpaka mwisho wake. Mtu mwenye nia hiyo anahitaji chanzo cha daraja la kwanza au la pili: kobalti ya tiba, sesiamu ya mashine za kuangazia damu au vyakula, iridi ya wanaopiga picha viungo vya mabomba. Vichupa mia vya fosforasi-32 havimfai kitu, na vingeyeyuka nguvu kabla hajamaliza kuvikusanya. Kila shilingi ya ulinzi inayotumika kwenye kichupa imetolewa kwenye kufuli, kamera na mlinzi wa vyanzo vikali. Mafuta ya Ziwa Albert yanaongeza uzito wa jambo hili, kwani wachimbaji wa visima huingiza vyanzo vya amerisi na berili vya kupimia miamba, vikali kuliko vile vya barabarani, na huvishusha kilomita kadhaa chini ya ardhi ambako vinaweza kukwama.

Wapo pia wanaosema mbinu za mionzi zimepitwa na wakati, tutumie rangi zinazong'aa na vimeng'enya. Kwa vipimo vingi vya homoni na jeni ni kweli, na maabara nyingi zimehama. Nafurahia uhamaji huo pale unapotokana na mbinu bora. Pale unapotokana na kuchoka kujaza fomu ni jambo lingine, na kwa swali kama la Sukulu hakuna rangi inayoweza kushika nafasi ya fosforasi yenye alama.

Sheria ya mwaka 2008 haihitaji kuvunjwa ili mambo haya yarekebishwe, maana inaruhusu msamaha na inaruhusu masharti tofauti kwa vitu tofauti. Kinachotakiwa ni kuitumia kwa ukamilifu. Chini ya kiwango cha msamaha, taarifa ya ukurasa mmoja itoshe, nayo ipelekwe forodha kwa mtandao ili mzigo usikwame Entebbe. Kati ya kiwango hicho na mara mia yake, kwa atomu ambazo nusu-uhai wake haufiki miezi mitatu, leseni itolewe kwa maabara badala ya kwa kila mzigo, idumu miaka kadhaa, na masharti yake makuu yawe mawili: mtu aliyefunzwa anayewajibika kwa jina, na kabati lenye kufuli ambamo taka hukaa nusu-uhai kumi kabla ya kutupwa kama taka za kawaida. Kwa fosforasi-32 hiyo ni siku 143. Kisha nguvu zote zilizookolewa zihamishiwe kwenye orodha moja ya taifa ya kila chanzo cha daraja la kwanza hadi la nne, chenye namba yake, mahali kilipo na siku kilipoonekana mara ya mwisho kwa macho ya mkaguzi. Orodha hiyo isikubali neno "haijulikani" kupita mwaka mmoja.

Gharama ndiyo itakayoleta ubishi mkali zaidi. Anayeingiza chanzo kikali atakiwe kuweka amana ya kukirudisha siku anayokiingiza, akiwa bado ana mradi na fedha, kwa sababu mkandarasi aliyefilisika hawezi kulipa, na chuo kilichosahau hakitalipa. Makampuni yatalalamika kwamba Uganda inajifanya ghali kuliko jirani, na yatakuwa na hoja iwapo Uganda itafanya peke yake. Kenya ina mamlaka mpya ya udhibiti, na Tanzania ina Tume yake ya Nguvu za Atomu pamoja na ghala la kuhifadhia vyanzo vilivyoisha kazi. Amana hiyo ikiwekwa kwa kiwango kimoja katika Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki, mkandarasi hatakuwa na nchi ya kukimbilia. Na kibali cha kichupa dhaifu kilichotolewa Kampala kikitambuliwa Nairobi, boksi la mtafiti wa Kawanda litapita Malaba bila kufunguliwa faili la pili, na ofisa wa mpakani atabaki na muda wa kupitisha kipima mionzi chake kwenye malori ya vyuma chakavu.